Twiga Yuko Upande Gani?

Basi likiingia Hifadhi ya Mikumi, abiria huinamia madirishani. “Twiga!” Kisha kimya, kila mtu anatazama. Mimi nisiyeona nimeachiwa jina tu. Yuko kulia au kushoto? Peke yake au kundi? Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na mara nyingi ninachoambulia ni majina ya wanyama na matuta.

Si kwamba njia ya Dar hadi Iringa ni bubu kwangu. Ruaha Mbuyuni naijua kwa joto, na kwa wauza vitunguu wanaogonga bodi kabla basi halijasimama vizuri. Mlima wa Kitonga ndio mtamu zaidi. Masikio yanaziba, injini inaunguruma kwa gia ndogo, kona zinanitupa huku na kule, na malori yanayoshuka yanaacha harufu ya breki zilizoungua. Tukifika juu, upepo wa dirishani umegeuka baridi, nami navuta koti.

Mwaka 2018 Ford ya Italia ilionyesha kifaa cha majaribio kwa abiria wasioona, cha kubandika kwenye kioo cha dirisha. Kinapiga picha ya nje, kinaigeuza kuwa ya kijivu, kisha kila kiwango cha kijivu, kati ya 255, kinapewa mtetemo wake. Abiria anapapasa kioo kwa kidole, na sauti inamweleza mandhari. Wazo ni zuri, ila dirisha la gari halingoji: hujamaliza kupapasa mlima, mko bondeni.

Kwangu mdomo wa jirani unatosha, akijua kupanga maneno. Kwanza upande, halafu umbali, halafu kinachotendeka. Ile mbinu ya kuelekeza kwa mishale ya saa, ambapo tatu ni kulia, hapa kwetu ni balaa: saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa, kwa hiyo nitageukia kushoto na twiga yuko kulia. Tena usiogope kusema rangi, nami nazizungumza.

Mpwa wangu akiniendesha, watoto wake ndio macho. “Babu, kulia, mbali kama kuvuka uwanja wa mpira. Twiga watatu, mmoja anakula.”

“Wanne!” mdogo anamkatiza. “Mwingine kajificha nyuma ya mgunga.”

Wanabishana hadi Mikumi mjini, na eti mwamuzi ni mimi.