Udhaifu wa Moyo Huweza Kurithiwa

Ukoo hurithishana mengi: mashamba, majina, hata sura. Lakini yapo maradhi yapitayo njia hiyo hiyo. Mojawapo ni udhaifu wa msuli wa moyo, ambao hatimaye huufanya moyo ushindwe kusukuma damu ipasavyo. Mgonjwa huhema kwa kazi ndogo, huvimba miguu, na usiku hulala ameinuliwa kwa mito.

Si kila moyo ushindwao umerithi udhaifu huo. Shinikizo la juu la damu, na homa ya baridi yabisi iharibuyo vali za moyo utotoni, huwaua wengi Afrika. Hata hivyo, ndugu wa damu wanapofuatana kuugua moyo au kufa ghafla wangali vijana, haifai kukimbilia kusema kwamba wamerogwa.

Katika chembe hai za mwili mna jeni, yaani maagizo ya kuunda protini. Msuli wa moyo hujikunja kwa nguvu ya protini iitwayo mayosini, na hunyumbuka kwa msaada wa titini, protini kubwa kuliko zote mwilini. Mwaka 1990, wataalamu wa Harvard, Marekani, wakiwemo Christine na Jonathan Seidman, waligundua kosa katika jeni ya mayosini ya ukoo mmoja wa Quebec, Kanada. Kiungo kimoja tu cha protini hiyo kilikuwa kimebadilika, nao msuli wa moyo ukanenepa kupita kiasi. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba kasoro za jeni ya titini huhusika na takriban robo ya koo zenye maradhi ya moyo kutanuka na kulegea.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizo, moja ya baba na moja ya mama. Mara nyingi nakala moja yenye kasoro yatosha kuleta maradhi. Hivyo kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Asilaumiwe mama, wala asilaumiwe baba, hakuna aliyeichagua. Tena si kila airithiye huugua. Kwa wengine, ulevi au ujauzito ndio huufichua udhaifu uliojificha.

Basi, msomaji, kaa na wazee wako. Uliza nani alikufa kwa moyo, na akiwa na umri gani. Andika, kisha mpelekee daktari maandishi hayo. Moyo hupigwa picha kwa mawimbi ya sauti, bila kisu wala maumivu. Kwa Tanzania, kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Anayegunduliwa mapema hupewa dawa za kuupunguzia moyo mzigo, na watoto wake hupimwa kabla ya dalili kuanza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika maradhi haya, afichaye huwaponza na wanawe.