Jukwaa la Kigali, Masikio ya Ngara

Januari 27, 2025 waasi wa M23, ambao Rwanda inatuhumiwa kuwaunga mkono, waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Siku tatu baadaye mwimbaji wa Nigeria, Tems, aliyekuwa anangojewa BK Arena jijini Kigali Machi 22, aliandika kwenye mtandao wa X kwamba alikuwa akilinadi onesho lake bila kujua kuna mgogoro kati ya Rwanda na Kongo. Akaomba radhi, na onesho likafutwa. Wiki tatu baadaye, Februari 21, Mmarekani John Legend alipanda jukwaa la ukumbi huohuo, akaketi kwenye piano na kuimba. Wakati huo Bukavu nayo ilikuwa na siku tano tu mikononi mwa M23.

Ubishi uliofuata ulisikika Lagos, Kinshasa na London. Je, mwanamuziki asusie nchi inayotuhumiwa kukanyaga haki za watu, au aende akaimbe kwa kuwa mashabiki hawana kosa?

Swali hilo lina sura nyingine ukilisikia ukiwa Ngara. Kutoka Kigali hadi daraja la Rusumo ni kilomita kama 160, na ukishavuka daraja uko Tanzania. Wahangaza na Washubi wa wilaya hii husema lugha zilizo karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo nyimbo za Kigali na Bujumbura si za kigeni kwao. Pale Benaco, barabara inapogawanyika, moja ikielekea Rusumo na nyingine Ngara mjini hadi Kabanga mpakani mwa Burundi, madereva wa semi-trela hupumzika baada ya kuzipita Lusahunga na Nyakahura za wilaya ya Biharamulo. Kwenye kibanda, kijana mwenye kompyuta moja na spika mbili anamrushia dereva nyimbo kwenye flashi: Bongo Fleva kwa wingi, Bruce Melodie na The Ben wa Rwanda, na sebene la Fally Ipupa kwa anayepeleka mzigo Bukavu. Dereva analipa, anachomeka flashi kwenye redio ya gari, anaondoka. Msanii gani alimwimbia rais gani si jambo linaloulizwa hapo.

Hata hivyo, kauli ya "mimi msanii tu, siasa siijui" haina nguvu sana katika pembe hii ya Kagera. Simon Bikindi, mwimbaji maarufu wa Rwanda na kiongozi wa kundi la Irindiro, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda jijini Arusha. Nyimbo zake zilikuwa zikichezwa na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na mahakama ilizichambua mstari kwa mstari. Mwaka 2008 alihukumiwa miaka 15 jela. Kilichomfunga si nyimbo bali maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa barabarani na msafara wa wanamgambo, akichochea Watutsi wauawe. Mahakama ilikuwa makini kutenga wimbo na uchochezi, na ilifanya vema. Lakini kipaza sauti kile kilisikilizwa zaidi kwa sababu aliyekishika alikuwa nyota.

Matokeo ya 1994 yaliifikia Ngara kwa njia mbili. Ya kwanza ni mto: miili ilipita chini ya daraja la Rusumo ikafuata maji ya Kagera hadi Ziwa Victoria. Ya pili ni barabara. Kati ya Aprili 28 na 29, katika muda wa saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka na kujaa Benaco, jina lililobaki pale kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Miongoni mwao walikuwamo wenye damu mikononi. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, alijipenyeza humo. Juni 1994 wahudumu wa misaada walipotaka aondolewe, maelfu ya wafuasi wake waliwazingira kwa mapanga na vitisho, na shirika la madaktari la MSF la Ufaransa likasimamisha kazi zake kwa muda. Gatete huyo alikuja kuhukumiwa Arusha mwaka 2011.

Hapo ndipo Benaco ilipouona mjadala wa kususia, miaka 30 kabla ya Tems. MSF la Ufaransa lilijiuliza: tukiendelea kutibu kambi zinazoendeshwa na wauaji, hatuwalishi wauaji? Tukiondoka, mama mwenye mtoto anayeharisha atamwendea nani? Kufikia mwisho wa 1994 lilikuwa limejiondoa kwenye kambi za Zaire na za Tanzania. Matawi mengine ya MSF, ya Ubelgiji na Uholanzi, yalibaki kwanza, yakisema mgonjwa ni mgonjwa. Watu wa shirika moja, wenye kiapo kimoja, waligawanyika mbele ya wagonjwa walewale, na mpaka leo vitabu vya misaada ya kibinadamu vinawabishania.

Onesho la muziki si dripu. Hakuna atakayekufa kwa kumkosa John Legend. Kwa sababu hiyo hoja ya msanii anayeamua kwenda inapaswa kuwa nzito kuliko ya daktari, na mara nyingi si nzito.

Hoja ya Legend, kama alivyoieleza kwa BBC, ilikuwa kwamba anayajua yanayotokea lakini haamini kuwa wananchi wa Rwanda wanastahili kuadhibiwa kwa tofauti za watu na viongozi wao. Ni hoja yenye utu, na Mnyarwanda aliyelipa tiketi yake ana haki ya kufurahi kama kijana wa Dar au wa Nairobi. Ila inaruka jambo moja: jukwaa lile halikuwekwa na mashabiki. Ziara ya Move Afrika, iliyoanza Desemba 2023 kwa Kendrick Lamar kwenye ukumbi huohuo, ni ya shirika la Global Citizen kwa ushirikiano na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, chombo cha serikali, chini ya makubaliano ya miaka mitano. Ni bodi hiyohiyo iliyoweka maneno "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi ya Arsenal tangu 2018. Msanii anayealikwa kwa mpango huo anaimbia wananchi, sawa, lakini vilevile ameingia kwenye tangazo la nchi. Serikali yenyewe haifichi kwamba inataka Kigali ijulikane kwa mikutano, michezo na burudani.

Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilikadiria wanajeshi wa Rwanda walioko mashariki mwa Kongo pamoja na M23 kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Kigali imekana mara zote kuwa inawaunga mkono waasi, ikisema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya 1994. Wasomaji wa Tanzania hawaliangalii jambo hili kutoka mbali: wanajeshi wawili wa JWTZ waliokuwa kwenye kikosi cha SADC walipoteza maisha katika mapigano yaleyale ya Januari.

Watanzania wana historia ndefu na neno kususia. Juni 26, 1959, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru, Julius Nyerere alisimama kwenye mkutano jijini London uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kampeni ile ndiyo iliyokua na kuwa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi Uingereza, na mwaka 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi kukata uhusiano wa utamaduni na michezo na utawala wa makaburu. Kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na orodha ya Umoja wa Mataifa yenye majina ya wasanii waliokwenda kuimba huko, hasa kwenye hoteli ya kifahari ya Sun City. Paul Simon aliporekodi albamu ya Graceland na wanamuziki Weusi wa Afrika Kusini alilaumiwa vikali, ingawa Miriam Makeba na Hugh Masekela, waliokuwa uhamishoni kwa miaka mingi, walikubali kupanda naye jukwaani Harare mwaka 1987.

Gharama ya kususia iliwaangukia pia watu wasio na hatia. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake. Miaka miwili baadaye Tanzania ilijiunga na nchi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini. Walker akachukua dhahabu. Bayi alikaa nje ya mashindano, kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye.

Pamoja na hayo, Watanzania wengi waliuona ususiaji ule kuwa wa haki, na sababu mojawapo ni kwamba uliombwa na waathirika wenyewe. ANC ya Afrika Kusini, ambayo chuo chake kilikuwa Mazimbu, Morogoro, iliuomba dunia nzima. Mtu wa London hakujitungia huruma kwa niaba ya mtu wa Soweto.

Kwa kipimo hicho, kesi ya Kongo iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Wakongo wameomba. Mapema Februari 2025 waziri wao wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Arsenal, Bayern Munich na PSG akizitaka ziachane na udhamini wa Rwanda. Tems naye alizungumza baada ya kelele za Wakongo mtandaoni. Ila Wakongo haohao wanajua pia jinsi silaha hii inavyoweza kumgeukia mwenyewe. Kwa miaka mingi wanaharakati wa ughaibuni waliojiita "combattants" walizuia maonesho ya wanamuziki wa Kinshasa huko Paris, Brussels na London, wakiwatuhumu kumwimbia Joseph Kabila. Februari 28, 2020, siku ya onesho la Fally Ipupa Paris, walichoma pikipiki na magari karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Ni vigumu kuona moto ule ulimsaidia nani kule Beni au Bunia.

Na Wanyarwanda wenyewe, wale ambao Legend hakutaka waadhibiwe? Kuwauliza si rahisi. Kizito Mihigo, mwimbaji wa nyimbo za dini aliyenusurika mauaji ya kimbari, alikuwa kipenzi cha taifa mpaka Machi 2014 alipotoa wimbo uliowaombea wafu wote, wakiwamo waliouawa kwa ukatili usioitwa mauaji ya kimbari. Wimbo ulipigwa marufuku, naye akakamatwa mwezi uliofuata na kufungwa miaka 10 kwa makosa ya kula njama dhidi ya serikali. Alisamehewa 2018. Februari 2020 alikamatwa tena karibu na mpaka wa Burundi, na siku chache baadaye akakutwa amekufa kwenye mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema alijinyonga. Mashirika ya haki za binadamu yalitaka uchunguzi huru. Msanii wa kigeni akisema anakwenda kwa ajili ya wananchi, itafaa ajue kwamba msanii wa ndani aliyejaribu kuwasemea aliishia hivyo.

Kukataa mwaliko nako ni anasa ya waliofanikiwa. Mpiga kinanda wa Biharamulo akiitwa Kirehe, ng'ambo ya Rusumo, kupiga kwenye harusi, anawaza nauli na advansi, hawazi sera za nje. Na hatari zinazomkabili zaidi ni za mapromota. Mwaka 2022 Bruce Melodie alishikiliwa na polisi mara tu alipofika Bujumbura, kwa madai ya fedha za onesho la 2018 ambalo hakulifanya. Haitakuwa haki kumtaka mtu wa kiwango hicho, achilia mbali yule wa harusini, abebe mzigo wa dhamiri sawa na nyota wa Marekani anayelipwa ili nchi ionekane.

Kuna jambo jingine ambalo Watanzania wanaowanyooshea kidole Wanyarwanda hulisahau. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili kuondoka. Ikafuata Operesheni Kimbunga. Biharamulo, Ngara na Karagwe ziliona familia zikitolewa, nyingine zikiacha ng'ombe na migomba ya miongo kadhaa, na zaidi ya watu 10,000 wakarudishwa Rwanda. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba miongoni mwa walioondolewa walikuwamo waliozaliwa nchini na waliodai uraia. Wito wa kususia majukwaa ya Dar es Salaam haukusikika.

Miaka 12 baadaye ulisikika, na ulitoka ndani. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, maandamano yaliyozimwa kwa risasi na intaneti iliyofungwa kwa siku kadhaa, mashabiki wa Tanzania walihamasishana kuacha kuwafuatilia mitandaoni wasanii waliopanda majukwaa ya kampeni za CCM. Hawakuwa wakimzuia mgeni asije. Walikuwa wakiwasusia wa kwao, kwa njia pekee iliyokuwa mikononi mwao. Mwezi uliofuata, Doja Cat alipanda jukwaa la Move Afrika jijini Kigali, na Arsenal ikatangaza kwamba mkataba wake na Rwanda ungekoma mwisho wa msimu huo.