Klipu ya buti ya sivi jointi: kitu kidogo, hasara kubwa

Leo tuache siasa na foleni ya malori hapa Tunduma, maana kuna kitu kimenitoa hela nikaona nisikae kimya.

Kiangazi kilichopita niliazima Probox ya mjomba, nikapeleka mzigo Kamsamba. Wakati narudi, karibu na Mlowo, kila nikikata kona nasikia ta-ta-ta-ta tairi la mbele kushoto. Nikachungulia: rimu kwa ndani imejaa grisi, buti imechomoka, waya unaning'inia. Mwezi mmoja nyuma fundi wa gereji bubu alibadilisha ile buti akaifunga kwa waya wa kufungia nondo. Nilikuwepo, nikaona, nikasema poa tu. Jointi ikafa. Mjomba hakugomba, alisema tu, "Utainunua." Hela ya ada niliyokuwa nadunduliza ikaishia hapo.

Kwa wasiojua, sivi jointi ndiyo inayopeleka nguvu kwenye tairi hata ukiwa umekata kona. Ndani yake kuna gololi na grisi maalumu. Buti ni ule mpira wenye mikunjo unaozuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Gari inayovutwa na tairi za mbele ina buti 4, kila moja klipu 2, kubwa na ndogo. Jumla klipu 8. Moja ikilegea, grisi inarushwa nje, vumbi linaingia, na gololi zinaanza kusagika.

Sasa twende kwenye aina za klipu:

1. Klipu ya sikio. Ni mkanda wa chuma wenye kinundu unachokibana kwa koleo yake. Inakaza mzunguko wote sawasawa na ni nyepesi. Ndiyo chaguo langu la kwanza. Ikishabanwa hairudiwi, ukifungua nunua nyingine.

2. Mkanda wa kukunja. Unauvuta, unaukunja kwenye kikufuli chake, unakata mabaki. Mzuri kama hupati saizi kamili, ila unataka kifaa cha kuvutia. Ukivutwa kwa plaizi tu mara nyingi unabaki umelegea.

3. Klipu ya hozi ya kukaza kwa bisibisi. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1921 kwa ajili ya mipira ya maji, siyo kitu kinachozunguka. Ile skrubu inajitokeza, inaweza kugonga vitu vya jirani, na kingo zake zinakata mpira. Tumia njiani tu, ukifika nyumbani ondoa.

4. Kamba za plastiki za kufungia nyaya. Zinalegea kwa joto. Za kukufikisha gereji tu.

5. Waya. Hapana jamani. Unabana sehemu nyembamba na kuukata mpira.

Jinsi ya kuchagua: angalia kwanza buti yenyewe. Ya mpira laini haitaki kukazwa kupita kiasi, inakatika. Ya plastiki ngumu inataka klipu ya sikio yenye nguvu, mkanda dhaifu hauishiki. Upana wa klipu uenee kwenye mfereji wa buti bila kupanda kingoni. Saizi je? Buti ikiwa imekaa mahali pake, zungusha uzi kwenye mfereji, pima urefu wake, gawanya kwa 3.14. Hicho ndicho kipenyo cha kumwambia muuza spea.

Wakati wa kufunga, futa grisi yote pale buti inapokalia, la sivyo itateleza. Tumia grisi iliyokuja na buti. Kabla ya kubana klipu ndogo, ingiza bisibisi butu taratibu chini ya mdomo wa buti ili hewa itoke. Mwisho kata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, zungusha tairi, hakikisha klipu haigusi kitu. Baada ya siku mbili tatu chungulia ndani ya rimu. Kukiwa kukavu, umeshinda.

Klipu ni hela ndogo sana ukilinganisha na jointi. Kwa hiyo ukienda gereji, nenda na klipu zako mfukoni, na ukiona fundi anachukua waya, mwambie, "Kaka, subiri."

Mafundi mliopo humu, kama nimekosea niwekeni sawa. Nawakilisha.