Mtu Aliyejifunza Kuruka kwa Korongo

Siku ya jua kali hapa Kihesa, tazama juu ya majabali. Utamwona mwewe. Anazunguka, anapanda juu, wala hapigi mabawa. Kwa nini haanguki?

Watu wengi wamejiuliza swali hilo. Leo nitakueleza habari za mtu mmoja aliyetafuta jibu lake. Hakukisia. Alipima, na kila alichopima alikiandika.

Alijifunza kwa ndege

Mtu huyo aliitwa Otto Lilienthal. Alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Anklam, Ujerumani. Alipokuwa mtoto, yeye na mdogo wake Gustav walipenda kuwatazama korongo mabondeni.

Huenda korongo hao hata wewe umewaona. Ni weupe, lakini mabawa yao yana manyoya meusi. Midomo na miguu yao ni myekundu. Baridi inapokaribia Ulaya, huja Afrika, na wengi hufika Afrika Mashariki. Hapa hula panzi na viwavijeshi. Ni rafiki wa mkulima.

Ndugu hao wawili waliona jambo moja. Korongo akitaka kuruka hukimbia kuuelekea upepo. Je, upepo humsaidia namna gani?

Alipima kwanza

Umewahi kubeba bati siku ya upepo mkali? Ukiliinua kidogo upande wa mbele, upepo hulinyanyua na kutaka kukunyang'anya. Nguvu hiyo ndiyo humbeba ndege.

Lilienthal alikuwa fundi wa mitambo. Alitengeneza chombo cha kuzungusha vipande vya mabawa hewani. Akapima nguvu ya hewa juu ya kila kipande. Akaona kwamba bawa lililopinda kidogo, kama ungo uliofunikwa, hubeba mzigo mkubwa kuliko bawa lililonyooka kama ubao. Na bawa la korongo limepinda vivyo hivyo.

Vipimo vyote aliviandika. Mwaka 1889 alivitoa katika kitabu.

Kisha akaruka

Lilienthal alitengeneza mabawa ya fito nyepesi na kitambaa cha pamba. Toka ncha hadi ncha yalikuwa karibu meta 7. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 20. Hayakuwa na injini. Aliyashika kwa mikono, akakimbia mteremkoni kuuelekea upepo, akaelea hewani huku miguu yake ikining'inia.

Alianza mwaka 1891. Ndio mwaka ule ule ambao majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Mwaka huo Lilienthal aliruka kiasi cha meta 25 tu. Hakukata tamaa. Alibadili hiki, akajaribu. Akabadili kile, akajaribu tena. Mwaka 1893 aliweza kufika meta 250. Mwaka 1894 alijengewa kilima cha udongo karibu na Berlin, chenye urefu wa meta 15, ili aruke upepo utokapo upande wowote. Kwa jumla aliruka kiasi cha mara 2,000.

Lakini kulikuwa na kasoro. Ili kuyaongoza mabawa, alitupa miguu na mwili wake huku na huku. Upepo ukigeuka ghafula, nguvu za mtu hazitoshi.

Tarehe 9 Agosti, 1896, upepo uligeuka. Lilienthal alianguka toka juu kiasi cha meta 15, akavunjika uti wa mgongo. Alikufa kesho yake. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Maandishi hayakufa

Huko Marekani walikuwako ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli. Walisoma habari za Lilienthal. Walitumia hesabu zake kutengeneza mabawa yao. Mwaka 1901 mabawa hayo hayakubeba kama walivyotazamia. Basi wakapima upya wao wenyewe, wakajaribu mabawa madogo ya namna nyingi. Tena wakatafuta njia ya kuongoza ndege kwa kuyapinda mabawa yenyewe, si kwa kutupa miguu. Tarehe 17 Desemba, 1903, ndege yao yenye injini iliruka kwa sekunde 12, kiasi cha meta 37.

Mwaka 1932 ndege zilizobeba barua na abiria kati ya London na Afrika ya Kusini zilikuwa zikitua Mbeya. Toka kifo cha Lilienthal ilikuwa imepita miaka 36 tu.

Sisi tujifunze nini?

Kwanza, watoto wasithubutu kuruka toka majabalini na mabawa ya khanga! Fundi aliyepima miaka mingi alikufa. Mtoto asiyepima atapona?

Pili, tuandike. Mimi ni bwana shamba. Nikimwuliza mkulima, "Mwaka juzi ulipanda mbegu gani, ukavuna magunia mangapi?" mara nyingi hujibu, "Nimesahau, Bwana Shamba." Basi hawezi kujua kama anapanda au anashuka. Wapo pia wazee wetu waliojua dalili za mvua na udongo wa kila bonde. Walipofariki, ujuzi ule walizikwa nao.

Lilienthal alikosea jambo moja, na kosa hilo lilimwua. Lakini kwa kuwa aliandika, wenzake waliona alipofikia, wakaanzia hapo.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari. Andika siku uliyopanda, mbegu, mbolea na magunia uliyovuna. Ukikosea, andika pia kosa lako. Mwanao ataanzia hapo.