Hukumu Ikishatoka, Zamu ni ya Nani?

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Miongoni mwa aliyoyauliza lilikuwamo swali ambalo hadi leo halijazeeka: je, Mtanzania asiye na chama anaweza kugombea udiwani, ubunge au urais? Swali hilo lilizunguka miaka 20, kutoka kwa jaji mmoja hadi jopo la majaji saba, likapita bungeni, likafika mpaka mbele ya mahakama ya Afrika nzima jijini Arusha. Anayetaka kuelewa jinsi Bunge na Mahakama zinavyodhibitiana na alifuate swali hilo hatua kwa hatua.

Tuanze na msingi. Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977 imegawa kazi: Bunge linatunga sheria, Mahakama inatoa haki. Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kadiri inavyoikiuka. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba hiyo mwaka 1984, lakini kwa miaka mitatu wananchi hawakuruhusiwa kuzidai mahakamani, ili Serikali ipate muda wa kuzipitia sheria zake. Mlango ulifunguliwa mwaka 1988. Miaka minne baadaye vyama vingi vikarejea, na Mtikila akabisha hodi.

Hoja yake ilikuwa kwamba Katiba inajipinga. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, na ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Lakini ibara zinazotaja sifa za mgombea zinamtaka awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alikubaliana naye: mgombea binafsi ni halali.

Hapo zamu ikawa ya Bunge, nalo halikungoja. Lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, Sheria Namba 34 ya mwaka 1994, na kuiweka haki ya ibara ya 21 chini ya masharti ya ibara za 39, 47 na 67, yaani zile zile zinazodai chama. Nguvu ya hatua hii iko pale ilipopiga. Mahakama ikiibatilisha sheria ya kawaida, husimama juu ya Katiba. Bunge likiibadili Katiba yenyewe, Mahakama huondolewa ardhi iliyokuwa imesimama juu yake. Kinachotakiwa ni theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande. Chama chenye wingi mkubwa bungeni hakitoki jasho kupata idadi hiyo.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kwamba hata mabadiliko ya Katiba yanaweza kupimwa dhidi ya haki za msingi, na kwamba yale ya 1994 yameshindwa mtihani. Hawakuishia hapo. Walitumia ibara ya 30(5), ambayo ni chombo muhimu na kinachosahaulika: badala ya kuibatilisha sheria papo hapo, Mahakama inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Wakaagiza utaratibu wa wagombea binafsi uwe umewekwa kabla ya uchaguzi mkuu uliofuata.

Badala ya kuweka utaratibu, Serikali ilikata rufaa. Juni 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi huo, jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani lilitengua hukumu. Lilisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na mwenye jukumu la kulimaliza ni Bunge. Nchini India, tangu hukumu ya Kesavananda Bharati ya mwaka 1973, mahakama hujipa uwezo wa kuyakataa mabadiliko ya Katiba yanayobomoa mihimili yake. Majaji wetu hawakuifuata njia hiyo. Kwa kauli yao, mahakama haiwezi kuitumia ibara moja ya Katiba kuiua ibara nyingine.

Mtikila akaenda Arusha. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika. Wakati huo Ramadhani alikuwa miongoni mwa majaji wa mahakama hiyo, lakini hakuketi katika kesi hii, kwa kuwa jaji hasikilizi shauri la nchi yake. Mtikila alifariki katika ajali ya barabarani Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Hadi uchaguzi wa 2025 karatasi ya kura haikuwa na mgombea binafsi.

Msomaji anaweza kudhani basi Mahakama ni simba wa karatasi. Sivyo. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Ndyanabo, ilifuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa, kwa kuwa haki isingekuwa ya kila mtu bali ya wenye fedha. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyohalalisha takrima wakati wa kampeni. Serikali haikukata rufaa, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Hapo zamu ilichezwa vizuri: mmoja alisema, mwingine akajibu kwa sheria.

Bunge nalo lina njia nyingine ya kuibana Mahakama, nayo ni kuufinya mlango wa kuifikia. Mwaka 2020 lilirekebisha sheria ya kudai haki za msingi na kumtaka mdai aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, jambo lililowagusa hasa wanaofungua kesi kwa niaba ya umma. Marekebisho hayo nayo yalipelekwa mahakamani.

Lakini kati ya majibu yote, gumu zaidi ni ukimya. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Ilikata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Baada ya hapo miaka iliendelea kupita, vifungu vikiwa vimebaki kitabuni. Mahakama haina askari wala bajeti ya kulisukuma Bunge. Ina kalamu na muhuri. Kenya wamelionja hilo pia: mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya uwiano wa jinsia, na Bunge halikuvunjwa.

Kwa hiyo kuuliza kati ya Bunge na Mahakama nani mkubwa hakutufikishi mbali. La kuuliza ni kama mwenye zamu amejibu. Mabadiliko ya 1994, tupende tusipende, yalikuwa jibu la wazi: wabunge walipiga kura, majina yao yamo katika kumbukumbu, na tunaweza kuwahukumu kwalo. Ukimya hauna sahihi ya mtu.

Siku nyingine ukisikia redioni kwamba mahakama imebatilisha kifungu cha sheria, usizime. Sikiliza kama ametajwa anayetakiwa kurekebisha, na amepewa muda gani. Andika tarehe hiyo. Ikifika bila muswada wowote kusomwa bungeni Dodoma, mbunge wako ndiye wa kuulizwa.