Swingi ya Kuazima

Septemba 2020 US Open ilichezwa Winged Foot, New York, na nafasi mbili za juu zikaenda kwa vijana ambao makocha wa zamani wangewarudisha darasa la kwanza. Bryson DeChambeau, aliyeshinda kwa tofauti ya mikwaju sita, alitumia fimbo za chuma ambazo zote zilikuwa na urefu mmoja, na alipiga mikono ikiwa imenyooka na kukakamaa tangu mwanzo. Matthew Wolff, aliyeshika nafasi ya pili, kabla ya kupiga hujisukuma nyonga na goti kuelekea shabaha, kisha ndipo anainua fimbo karibu wima. Tangu wakati ule swali ninaloulizwa kuliko yote uwanjani ni hili: "Kocha, na mimi nibadilishe?"

Jibu langu huanza na jambo ambalo wachezaji wengi hawalipendi, kwa sababu linaharibu utamu wa mabishano ya baada ya mchezo. Mpira hauioni swingi yako. Haujui kama mikono ilipanda kwa nje au kwa ndani, wala kama kiwiko kilikaa wapi. Fimbo na mpira hugusana kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, na katika muda huo mpira unapokea habari chache tu: uso wa fimbo umeelekea wapi, kichwa cha fimbo kinasafiri kwenda upande gani, kinashuka au kupanda kwa pembe gani, kwa kasi gani, na mguso umetokea sehemu gani ya uso. Kati ya hizo, uso wa fimbo ndio wenye sauti kubwa zaidi kuhusu mpira uanze kwenda wapi. Ukikosea nyuzi moja tu, mpira wa mita 200 utakuwa umetoka nje ya mstari kwa mita tatu na nusu, hata kabla haujaanza kupinda hewani.

Ndiyo maana Jim Furyk aliweza kuinua fimbo juu kama mtu anayening'iniza nguo, akaishusha kwa njia nyingine kabisa, na bado akashinda US Open ya 2003. Mwaka 2016 alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 58, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuipata katika PGA Tour kabla yake. Safari ya fimbo yake ilikuwa na kona, lakini ilipofika kwenye mpira ilifika vilevile kila mara. Kocha wake alikuwa baba yake mzazi, na mzee yule alikuwa na busara ya kutomnyoosha mtoto.

Hadi hapo wanaopenda swingi za ajabu hunipigia makofi. Lakini wengi hurukia hitimisho ambalo ushahidi haulibebi. Furyk hakuamua siku moja kuacha swingi ya kawaida na kuchukua ya kwake. Alikua nayo. Moe Norman wa Kanada, aliyetwaa ubingwa wa taifa wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1955 na 1956, alisimama amepanua miguu, mikono imenyooshwa mbele na fimbo imeshikwa kwa kiganja zaidi kuliko vidole. Hilo nalo lilijengwa na mamia ya mipira kwa siku tangu ujana. Kuwa na swingi ya ajabu na kwenda kuichukua kwa mtu mwingine ni mambo mawili tofauti, na wahenga wa pwani walishatuonya kuhusu nguo ya kuazima, kwamba haisitiri matako.

Kwa msomaji wa Afrika, mfano unaofundisha zaidi unatoka Durban. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, alizaliwa katika familia maskini ya Kihindi na kuanza gofu kwa kubeba mifuko ya wengine. Hakuwa na mwalimu. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia kwa kawaida huweka kiganja cha kushoto juu kwenye mpini na cha kulia chini. Papwa alifanya kinyume, kulia juu, kushoto chini. Mfanyabiashara Graham Wulff, mvumbuzi wa losheni ya Oil of Olay, akamsaidia kwenda Ulaya, na mwaka 1959 Papwa akashinda Dutch Open. Akairudia 1960, na tena 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open nyumbani Durban, na kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulimzuia kuingia kwenye jengo la klabu, alikabidhiwa kombe nje, kwenye mvua. Mwaka 1965 akalitwaa tena, safari hii akimwacha nyuma Gary Player. Marekani nako Howard Wheeler na Charlie Owens, wachezaji weusi walioijua gofu nje ya milango ya klabu za wazungu, walishika fimbo hivyo hivyo.

Chukua mpini wa ufagio uone kilichokuwa kinafanya kazi. Shika kinyume kama Papwa, kisha uzungushe polepole mpaka ufike mbele ya tumbo. Mkono wa kulia, ambao kwa wengi wetu ndio wenye papara, sasa uko juu na hauna nafasi ya kuupita wa kushoto na kuufunga uso wa fimbo mapema. Kifundo cha kushoto kinabaki kimenyooka bila kuambiwa. Sasa rudisha mpini nyuma kadiri unavyoweza. Hapo utaona gharama yake: mkono wa kushoto unalazimika kuvuka kifua ukiwa chini zaidi, bega linakwama mapema, na upinde wa swingi unafupika. Kwa walio wengi hiyo ni mita zinazopotea. Papwa alizilipia mita hizo kwa usahihi, na alianza kulipa akiwa mtoto, viungo vikiwa bado vinakubali kufundishwa.

Kwa hiyo nikikutana na kedi kijana anayeshika kinyume na mpira wake unakwenda mahali pamoja, simgusi. Hapa kwetu wachezaji wengi wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mifuko, na walijifunza kwa kuiga na kubuni, wakati mwingine kwa fimbo moja waliyopokezana. Kumnyoosha kijana wa namna hiyo ili apendeze kwenye picha ni kumnyang'anya mtaji wake. Nitamwangalia kushika, kusimama na kulenga, basi.

Mtu mzima anayetaka kuhama ni habari nyingine. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee mwenye hendikepu ya 22, alinijia na simu mkononi akinionyesha mtindo uitwao Stack and Tilt. Andy Plummer na Mike Bennett ndio walioutangaza, na mwaka 2007 ulikuwa gumzo la dunia ya gofu. Ndani yake uzito wa mwili hauhamii mguu wa nyuma. Unabaki mguu wa mbele tangu fimbo inapoanza kurudi.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "unataka ikuondolee nini?"

"Kocha, mimi napiga udongo kabla ya mpira. Nimechoka kulima."

Hilo lilikuwa jibu zuri kuliko ninayoyapata kwa wengi, kwa sababu lilitaja ugonjwa. Tulichora mstari wa chokaa kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi, akasimama mstari ukiwa katikati ya miguu yake, akapiga bila mpira. Kila mara nyasi zilikatwa nyuma ya mstari, karibu upana wa kiganja. Kisha nikamwambia abaki na swingi yake ileile ila aache kuyumba kwenda mguu wa nyuma. Fimbo ikaanza kukata mbele ya mstari. Kutoka kwenye mtindo mzima tulichukua kipande kimoja, tukaacha vingine. Ya mabega kuinama upande hatukuyagusa, maana ana mgongo unaomsumbua na sikuona sababu ya kuuchokoza.

Mara nyingi hivi ndivyo ninavyoshauri. Wauzaji wa mitindo hupenda kuuza furushi zima, na nawaelewa, kwa kuwa sehemu za swingi hutegemeana. Ila mchezaji anayefanya mazoezi Jumamosi tu hana muda wa kubeba furushi. Hata waliokuwa na muda wote duniani ilikuwa taabu kwao. Aaron Baddeley wa Australia aliingia katika mtindo huo kwa moyo wote, akashinda Hilton Head mwaka 2006 na Phoenix mwaka 2007. Mwaka huohuo aliongoza US Open pale Oakmont hadi siku ya mwisho, akapiga 80. Siwezi kuulaumu mtindo kwa siku moja mbaya katika uwanja mgumu kama ule. Oakmont imewaumbua wenye swingi za kila aina. Ninachokitazama ni kwamba mwaka 2009 aliuacha, akarudi kwa Dale Lynch, kocha wake wa utotoni, na mwaka 2011 akashinda tena, Riviera. Alipohitaji fundi, alirudi kwa aliyeijua swingi yake ya asili.

Suala la fundi watu hulisahau kabisa. Swingi ya kawaida ikiharibika, kocha yeyote wa klabu yako ataona kasoro ndani ya dakika chache. Ya DeChambeau ataitengeneza nani? Yeye alisoma fizikia chuo kikuu, na kocha wake Mike Schy alimjengea mfumo huo tangu ujana, kutoka kwenye kitabu cha Homer Kelley, The Golfing Machine. Ongeza hapo bei ya vifaa. Katika seti ya kawaida kila fimbo ya chuma hupishana na inayofuata kwa takriban nusu inchi. Ukitaka zote zilingane na namba 7, lazima ununue seti nyingine, na kwa bei za hapa kwetu hilo si uamuzi wa jioni moja. Namba 4 iliyofupishwa hivyo haiupandishi mpira kirahisi kwa mtu asiye na kasi.

Ukiwa bado unataka kujaribu, pima kwa haki. Paka poda uso wa fimbo, piga mipira kwa swingi yako ya sasa, angalia alama zimetawanyika vipi, kisha fanya hivyo kwa mpya. Mipira mizuri mitatu haisemi kitu. Mtawanyiko wa ile mibaya ndio wenye habari. Halafu kacheze na mwenzako kwa dau la soda. Swingi nyingi za kuazima huvunjika pale, kwenye shimo la kwanza lenye watu wanaotazama, na ni afadhali zivunjike kwa soda kuliko kwenye mashindano ya klabu.

Mahali ninapowaruhusu watu kuwa na ujasiri bila kunipigia simu ni kwenye grini. Mwendo wa kuputi ni mfupi, hauhitaji nguvu, na kushika kinyume kulikomponza kila mtu kwenye umbali kunageuka kuwa faida. Jordan Spieth alitwaa Masters na US Open mwaka 2015 akiputi mkono wa kushoto ukiwa chini, na Furyk pia aliputi hivyo. Leo hakuna anayekushangaa. Chunga sheria tu. Sam Snead alipoanza kuputi akiwa amepanua miguu pande mbili za mstari, wakubwa wa gofu waliupiga marufuku mtindo huo mwaka 1968. Adam Scott alishinda Masters ya 2013 kwa fimbo ndefu iliyoegemezwa kifuani, na tangu Januari 1, 2016 kuegemeza kumekatazwa. Fimbo ndefu yenyewe bado inaruhusiwa. Ncha yake ya juu, au kigasha cha mkono unaoishikilia, ndivyo visivyotakiwa kutegemea mwili. Wewe unayeputi huwezi kuliona hilo vizuri, basi mwombe kedi wako asimame pembeni akuangalie.