Koja la Usiku Mmoja

Asumini huchumwa alasiri, ingali vitumba. Mwasumini wetu ulikuwa uani, hapa mjini Unguja, na bibi yangu alikuwa akichuma kwa vidole viwili tu, polepole, akitia katika sahani yenye maji kidogo. Kisha hukaa mkekani na sindano yake na uzi mweupe, akatunga. Magharibi ikiadhiniwa koja liko tayari, na vitumba vinaanza kufunguka vyenyewe. Hulitundika kwenye nguzo ya kitanda cha samadari, na usiku ule chumba hakihitaji pambo jingine. Asubuhi maua yamegeuka rangi ya chai, naye huyafagia pamoja na vumbi la jana. Niliwahi kumuuliza mbona asitunge kitu kitakachokaa. "Mwanangu," akasema, "likikaa utaacha kulinusa."

Nilikuwa mtoto, sikumwelewa. Sasa nina nyumba yangu na naamini alinipa siri ya jinsi watu wa pwani wanavyopamba: vitu huupa ukuta, lakini uzuri wenyewe huupa wakati.

Vitu vya kudumu tunavijua sana. Nenda Lamu, ingia nyumba za mawe za karne ya 18. Nje utaona ukuta mtupu na daka lenye viti vya mawe, mahali pa kumpokelea mgeni ambaye hajafika daraja ya kuingia. Ndani kabisa, ukuta wa mwisho umejaa zidaka, vijishubaka vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu kama mzinga wa asali. Vyumba vile ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi sana mita 3 haiimudu dari nzito ya mawe na chokaa. Fundi hakuweza kuutanua ukumbi, basi akautia kina: mwanga kidogo unaotoka uani hunaswa na kingo za zidaka, na ukuta unaonekana kurudi nyuma. Humo ziliwekwa sahani za Kichina na vyombo vya thamani.

Unguja nako kulikuwa na mambo hayo. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza shubaka za ukutani zilizopangwa vyombo vya kaure na vya kioo, na vioo vikubwa na saa. Alikuwa mbali na kwao alipoandika, na mtu anahisi jinsi alivyoutamani kila upenu.

Lakini ukuta ule ni mmoja mwaka mzima. Kinachoifanya nyumba iwe hai ni majira, na sisi tumejaliwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya upepo na jua: kaskazi, masika, kipupwe, demani. Mabaharia na wakulima waliihesabu kuanzia Nairuzi, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za ziada, na Makunduchi bado wanauoga mwaka huo kila Julai. Ya pili ni ya mwezi, yenye Ramadhani na Mfunguo Mosi na Maulidi ya Mfunguo Sita. Hii ya mwezi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo sikukuu zetu hazina hali ya hewa yake maalumu. Mtu akiishi miaka 33 huwa ameshaiona Idi katika kila upepo.

Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote. Ramadhani ikiangukia kipupwe, tunafuturu kwa uji wa pilipili manga na moto wake unafika hadi masikioni. Ikiangukia kaskazi, ni madafu na embe. Idi ya masika ina dhiki yake, maana mapazia hayakauki. Mama zetu hukesha wakitazama mawingu, na pazia huanuliwa na kuanikwa mara tatu kwa siku moja. Nyumba hupakwa chokaa mapema, mkeka mpya wa ukindu hutandikwa ukumbini na wa zamani huhamia jikoni. Mkeka mpya una harufu ya majani yaliyochemshwa na rangi, na kwa siku mbili tatu huacha alama nyekundu kwenye nyayo. Watoto tulijivunia alama zile.

Usiku wa kuamkia Idi ndipo chetezo kinapotoka. Udi wa kwetu ulipikwa nyumbani kwa sukari na marashi, ukahifadhiwa kwenye kopo. Bibi alianzia chumba cha ndani, akafukiza chini ya mapazia, ndani ya kabati, katika mikunjo ya foronya, akamalizia mlangoni. Alifanya hivyo bila haraka hata kidogo. Asubuhi mgeni akisukuma pazia kuingia, kitambaa kinamsalimu kabla ya wenyewe.

Matunda nayo ni mapambo, ingawa sijasikia mtu akiyaita hivyo. Msimu wa embe ukifika, sinia ya boribo na dodo katikati ya mkeka hutosha kuugeuza ukumbi. Baadaye huja shokishoki na nywele zake nyekundu, na doriani, ambalo kwetu lilikaa uani kwa amri ya babu. Pemba wakati wa karafuu hakuna nyumba inayohitaji udi: karafuu huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, mbele ya milango na kando ya barabara, na harufu humfuata mtu mpaka kitandani.

Siku hizi naona maua ya plastiki juu ya meza za vioo katika nyumba nyingi, hata za ndugu zangu. Najua sababu yake: ua wa nyumba umekuwa mdogo au haupo, mwasumini umekatwa ili pajengwe chumba cha kupangisha, na anayerudi kazini saa moja usiku hana alasiri ya kutungia. Hata hivyo, moyo unaniuma. Kikuba bado kinauzwa, asumini na mrehani vimefungwa pamoja na kilua kikipatikana, kwa bei isiyofika ya soda. Mke wangu hununua siku ya Alhamisi, hukivaa, na akilala hukiacha juu ya mto.

Mapazia ya Idi sisi tunayaweka katika sanduku la bibi, lenye misumari ya shaba. Yeye alizoea kuchanganya nguo na langilangi, na sisi tumeendelea. Shaabani iliyopita binti yangu wa miaka sita alitaka kuinua mfuniko mwenyewe. Ukamshinda uzito, tukainua pamoja. Aliinama, akatia kichwa chote ndani ya sanduku, akakaa humo kimya, na mimi nikaushikilia mfuniko usimwangukie.